Vuli ya Nairobi: Mandari Asubuhi, Keki ya Boga Jioni

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, na poleni wale mliokwama kwenye foleni. Nimeombwa nizungumze juu ya mandari za vuli na kuoka nyumbani. Nitaanza na neno lenyewe, maana mwanangu aliniuliza siku moja, akitoka shuleni: "Mama, vuli ni mvua au ni majani kuanguka?"

Ni yote mawili, inategemea umesimama wapi. Kule Ulaya na Amerika Kaskazini, vuli huanza mwishoni mwa Septemba. Mchana unafupika siku baada ya siku, baridi inaingia, na mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Kumbe njano ilikuwepo ndani ya jani siku zote, imefunikwa tu. Kijani kikiondoka, njano inaonekana. Wekundu ndio mti huutengeneza wakati huo huo wa mwisho. Basi watu wa huko hutoka na watoto kwenda kutazama misitu na kuchuma matufaha, kisha hurudi nyumbani kuoka pai za matufaha na maboga. Ni jambo zuri, na sioni ubaya wa mtu kulipenda.

Lakini sisi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu wa Juni na wa Desemba haupishani hata kwa robo saa. Miti yetu ina saa nyingine, saa ya ukavu na mvua. Vuli yetu ni mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Muulize mkulima wa Ukambani atakwambia vuli ni nini, kwa sababu mahindi na maharagwe yake mengi yanaitegemea hiyo kuliko masika.

Na hapa mjini vuli ina rangi yake. Jakaranda, mti ulioletwa kutoka Amerika Kusini, huanza kuchanua karibu Septemba, kabla mvua haijakolea. Mvua za kwanza zikishuka, maua yanaangushwa. Mmewahi kuokota ua moja la jakaranda asubuhi, likiwa bado limelowa? Ni kama tarumbeta ndogo ya zambarau, laini kama karatasi iliyolowana, na ukiikanyaga inateleza. Nawaomba mwaka huu mmwonyeshe mtoto ua moja tu, kwenye kiganja, kabla hajapanda basi la shule.

Sasa mandari. Mvua za vuli hapa mara nyingi hushuka alasiri au usiku, kwa hiyo ondokeni mapema, saa moja, saa mbili hivi, mrudi kabla mawingu hayajafungana. Arboretum, ile bustani ya miti ya hapa Nairobi, inatosha kabisa kwa familia yenye watoto wadogo. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, na ndiyo sababu mtakuta pale miti ya pembe zote za dunia. Fungeni chakula vizuri, kima wa pale wana mikono myepesi.

Wenye miguu ya nguvu nendeni Karura. Kila nikiingia msitu ule namkumbuka Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake. Mwaka 1998 ardhi ya msitu ilikuwa imeshaanza kugawiwa watu wajenge, na Januari 1999 walipokwenda kupanda miche walipigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Leo tunatembea mpaka kwenye maporomoko ya maji na kwenye mapango na watoto wetu, tunanusa udongo uliolowa. Njia ile imelipiwa. Mtoto wangu anaijua habari hiyo, na nilimsimulia tukiwa mle mle ndani, chini ya miti.

Mkirudi viatu vina matope na jioni imekuwa baridi, hapo ndipo kuoka kunapokuwa na raha. Mimi naoka keki ya boga, au malenge kama wengi mnavyoliita. Marikiti wanakukatia kipande, si lazima ununue zima. Chagueni lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea, na kisu kikipita kisikie ugumu. Boga la maji linaharibu keki.

Hapa nina jambo la kuwaeleza kwa kirefu, kwa kuwa limeniliza. Mama yangu ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na keki yake nilijifunza kwa macho. Nilipohamia Nairobi nikaoka vile vile, vipimo vile vile. Ikaumuka haraka, ikapendeza, halafu nikiwa natazama ikabonyea katikati. Mara tatu. Nililaumu unga, nikalaumu oveni. Kosa lilikuwa mwinuko. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Huku mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka zaidi, inainua keki kabla mayai na unga havijashikana. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na unyevu unakimbia mapema.

Basi fanyeni hivi. Kila kijiko cha chai cha beking pauda, punguzeni robo. Kila kikombe cha sukari, toeni vijiko viwili vya mezani. Ongezeni maziwa kidogo, vijiko viwili au vitatu. Kama kitabu kinasema oveni nyuzi 180, wekeni 190 na muanze kuichungulia mapema. Boga lenyewe lichemshwe kwa mvuke, lipondwe, kisha lichujwe kwenye kitambaa safi mpaka lisidondoke tena.

Viungo: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu moja au mbili zilizosagwa. Hivi ndivyo vinavyoipa pai ya Marekani harufu ya vuli, na si vya kule. Karafuu na kungumanga asili yake ni visiwa vya Indonesia, na karafuu imekuwa ikilimwa Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Boga nalo ndilo lililotoka Amerika likaja kwetu. Mimi naongeza iliki, kwa sababu bila iliki mama asingeitambua kuwa ni keki.

Kwa asiye na oveni: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini kiasi cha vidole viwili, chombo cha keki juu ya mchanga, mfuniko, halafu palieni makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo itaungua kitako huku uso mbichi. Keki iliyo pale mezani nimeioka jana usiku kwa sufuria hiyo hiyo. Karibuni mkate vipande, na anayetaka kuona makaa yanavyopangwa, jiko liko nje hapo chini ya kibaraza, bado lina moto.