Kuchagua Mfumo wa Kompyuta kwa Njia Yake ya Kurudi
Mhadhara uliotolewa Lubumbashi

Jambo yenu wote. Baba na mama, mayaya, wanafunzi wa uhandisi, na ninyi wenye maduka ya kuchapa na fotokopi: ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mchana huu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta kama Windows, unaomfaa mtu anayependa kuchokonoa kompyuta yake, ajue kilichomo, abadilishe hiki na kile, na papo hapo asubuhi ana ripoti ya kukabidhi. Hapa Lubumbashi watu wa namna hiyo tuko wengi, na mara nyingi mashine ya kuchokonoa na mashine ya kazi ni hiyo hiyo moja. Kipimo changu ni hiki: mfumo ukikuharibikia usiku, umeme hauna uhakika na mega zimekwisha kwenye simu, unarudi kazini kwa njia gani? Mimi huchagua mfumo kwa njia yake ya kurudi.

Nianze na jambo lililowaleta wengi wenu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Chukueni laptopu ya okazi, iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, ya mwaka 2015 hivi. Ni nzima kabisa. Ukiitilia diski ya SSD inakimbia. Lakini mlango wa Windows 11 umefungwa mbele yake. Zipo mbinu za kuyakwepa masharti hayo, ila siwapendekezei watu wa kazi, maana Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, naipita haraka: ni mfumo mzuri, lakini Mac za siku hizi ni ghali na RAM yake huwezi kuiongeza ukishanunua.

Inabaki Linux, na hapo ndipo watu wanapopotea kwa wingi wa majina. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki leo inabeba mifumo mingi sana, kama Arch, Fedora, Debian na Mint. Vijana hubishana ipi ina madirisha mazuri. Ndugu zangu, madirisha unayabadilisha kwa dakika kumi. Angalieni mwendo wa masasisho. Arch, ya 2002, husasishwa mfululizo bila matoleo: kila wiki kuna kitu kipya, na ukikaa miezi bila kusasisha, siku ukirudi unakuta mlima wa megabaiti, pengine na funguo za kuthibitisha paketi, yaani vifurushi vya programu, zimepitwa na wakati. Fedora hutoa toleo kila miezi sita hivi, na kila toleo huhudumiwa kwa kama miezi 13. Debian, iliyoanza 1993, hutoa toleo jipya kila baada ya miaka miwili hivi; la 13 lilitoka Agosti 2025. Linux Mint, ya 2006, hujengwa juu ya matoleo yanayohudumiwa muda mrefu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, na Mint 22 itahudumiwa hadi 2029.

Anayelipia intaneti kwa mega ataelewa mara moja kwa nini nasimama upande wa Debian na Mint. Arch naiheshimu, inafundisha kweli, na maandishi yake ya msaada ni hazina hata kwa asiyeitumia. Lakini inamtaka mtu mwenye intaneti ya kila siku na nafasi ya kusoma matangazo kabla ya kusasisha. Na kama mna mashine kadhaa kwenye chumba kimoja, kuna programu inaitwa apt-cacher-ng: mashine moja inapakua paketi mara moja, nyingine zinachukua kwake kwa waya wa ndani bila kula mega tena.

Sasa tuone umeme, maana huo hautuombi ruhusa. Unasasisha Debian, paketi zimeshapakuliwa, zinafunguliwa moja moja, na taa inazimika. Ukiwasha tena, mfumo wa faili wa ext4 una daftari lake la mabadiliko, kwa hiyo kwa kawaida diski inajipanga yenyewe. Tatizo ni paketi zilizobaki nusu. Unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, au ukikosa dirisha unabonyeza Ctrl, Alt na F3 upate skrini nyeusi, unaandika sudo dpkg --configure -a. Kompyuta inaendelea ilipoishia. Kisha sudo apt -f install, inamalizia yaliyopungua. Amri ya kwanza haihitaji intaneti hata kidogo. Hiyo ndiyo njia ya kurudi ninayoisema, na inafaa kuiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Njia ya pili ni programu ya Timeshift, inayokuja tayari ndani ya Mint na inapatikana pia kwenye Debian. Inapiga picha ya mfumo mzima, yaani nakala ya kurudia, bila kugusa nyaraka zako. Ukivuruga draiva ya skrini, programu inayoiendesha, saa tano usiku, unawasha mashine kwa flashi ya Mint, unafungua Timeshift, unachagua picha ya jana, unarudi. Nyaraka zenyewe ziwekeeni patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski, ile ya /home, tangu siku ya kusakinisha, na nakala nyingine kwenye diski ya nje, kwa sababu Timeshift haizilindi.

Ukiwa na msingi uliotulia namna hiyo, chokonoa juu yake upendavyo. Unataka kuonja Arch? Iweke ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox, uivunje hata mara saba. Unataka kubadilisha vitufe? Kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, na wachache wanajua kwamba kwenye orodha ya Linux kuna mpangilio wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliojengwa juu ya AZERTY, wenye herufi ɛ na ɔ na alama za toni. Anayeandika Kilingala sawasawa asiendelee kuhangaika kunakili herufi kutoka sehemu nyingine.

Kuna wanaopaswa kubaki na Windows, na nawaambia bila kuwazungusha. Mhandisi anayedaiwa kazi ya AutoCAD, ya michoro, au ArcGIS Pro, ya ramani, asihame, maana hizo hazina toleo la Linux. QGIS inayo, na kwa ramani nyingi inatosha, lakini anayeamua ni mwajiri. Wenye kuweka mifumo miwili kwenye diski moja wazime kwanza ile kasi ya kuwasha ya Windows, inayoitwa Fast Startup. Ikibaki, patisheni ya Windows inakuwa kama haijafungwa, na Linux huenda ikakataa kuandika ndani yake.

Mama mmoja mwenye duka la fotokopi ameuliza: wateja wanaleta flashi zenye virusi, folda zimegeuka njia za mkato, wanalia kwamba kazi imefutika. Je, ahame?

Mama, folda hizo mara nyingi hazijafutika, virusi vimezificha tu. Ukiichomeka flashi kwenye Linux, kwa kawaida utaziona folda za kweli pembeni ya zile za uongo, na virusi vya namna hiyo vimeandikwa kwa Windows, havifanyi kazi pale. Lakini leo usisakinishe kitu. Weka Mint kwenye flashi ya GB 8, washa mashine yako kutoka humo bila kugusa diski, halafu chapa ukurasa mmoja. Anza na printa kabla ya yote, maana printa za bei ndogo zinazotegemea programu ya Windows ndizo zinazokataa. Kisha jaribu skana. Kisha fungua barua za wateja kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia, uangalie majedwali na fonti kama havijahama. Printa ikikataa, acha Windows kwenye mashine inayochapa, na Mint uiweke kwenye ile unayopokelea flashi. Leta kompyuta hapa mbele tukimaliza, tuijaribu pamoja, flashi ninayo.