Programu Kuiita Programu Nyingine Ndani ya C

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuja na jua hili la Dodoma.

Nianze na kosa langu. Niliandika programu kwa lugha ya C ya kutunza hesabu za wakulima wa zabibu, kila eneo na faili lake. Mafaili ya zamani niliyafuta kwa `system`, ambayo huiambia kompyuta itekeleze amri uliyoiandika: naunganisha neno `rm`, yaani programu ya kufuta, na jina la faili, basi. Siku moja likaja faili liitwalo "Hombolo Makulu". Ile nafasi katikati! `rm` ikaambiwa ifute mafaili mawili, Hombolo na Makulu. Makulu halikuwepo. Hombolo lilikuwepo, nalo lilibeba jumla ya msimu mzima. Mama mmoja alipokuja kuulizia malipo yake, nilikosa cha kumjibu.

Kwenye Linux, `system` haiendi kwa `rm` moja kwa moja. Inaita kwanza `/bin/sh`, yaani sheli. Siyo ya mafuta, ni programu inayosoma amri. Sheli hukata maneno penye nafasi, na ikikuta nukta mkato inaanza amri mpya. Mwenye nia mbaya akichomeka nukta mkato na amri yake ndani ya jina la faili, programu yako itamtekelezea kwa mamlaka yako wewe. `popen` inakuletea majibu uyasome kama faili, lakini nayo hupitia sheli ileile.

Ninayowasihi mtumie ni `fork` na `execvp`. `fork` huzaa mchakato mtoto, yaani nakala ya programu yako inayokimbia kando yake: kwa mtoto inarudisha 0, kwa mzazi namba ya mtoto, na ikishindwa -1. Mtoto anaita `execvp`, inayomgeuza kuwa programu nyingine kama `rm`, na orodha ya maneno, kila neno peke yake, mwisho NULL, alama kwamba orodha imeisha. "Hombolo Makulu" linabaki neno moja, maana hakuna wa kulikata. Jina likianza na kistari, `rm` italidhania chaguo, kwa hiyo tangulizeni `--`.

`execvp` ikifaulu hairudi. Mstari unaofuata uwe `_exit(127)`. Ukiusahau, na execvp ikashindwa, mtoto ataendelea na programu yako, muwe wawili mnaandika faili moja. Mzazi naye amsubiri kwa `waitpid`, la sivyo mtoto aliyemaliza hubaki zombi, kashikilia namba yake.

Na kwa kufuta faili tu, C ina `remove` yake. Sikuhitaji kuita programu yoyote.

Haya, fungueni kompyuta. Tengenezeni faili lenye nafasi kwenye jina, tuanze na `system`, mwone wenyewe.