Taa Hainunuliwi kwa Boksi

Asalaam aleikum, mama zangu na ndugu zangu. Nashukuru mmefika, na nawashukuru zaidi waliobeba taa zao za kukuzia mimea kutoka nyumbani. Naziona sita hapa mezani, na nne kati yake zimeandikwa wati elfu moja au zaidi. Tutazifikia.

Kwanza nimjibu mzee wangu aliyenishika mkono pale mlangoni: "Lamu hii, na jua lote hili, hema na taa za nini?" Anasema hema lile la kupandia mimea ndani ya nyumba. Swali la haki. Mchicha, mabenda, sukuma wiki, pandeni nje na jua lizilee, sitaki kusikia mtu amezitia hemani. Mimi nazungumzia letusi, rehani laini na miche michanga, vitu vinavyotakwa na mahoteli ya Shella na ambavyo vikishuka botini nusu vimeshalegea. Mbegu ya letusi udongo ukikaribia nyuzi 30 hulala tu, haioti. Jua la saa sita mchana humwaga maikromoli karibu 2,000 za mwanga, hesabu ya chembe zake, kwa sekunde katika kila mita mraba, na letusi inatosheka na 250. Sasa tazameni nyumba zetu za mawe. Kuta nene, chumba cha ndani kina ubaridi hata mwezi wa tatu, ila giza. Ubaridi tulirithi. Kinachopungua ni mwanga, na mwanga ndio tunaokwenda kununua.

Na hapo ndipo tunapoibiwa.

Nilinunua taa yangu ya kwanza Mombasa. Boksi limeandikwa 1000W kwa tarakimu kubwa kama kiganja changu. Nikaifunga kwenye boriti, nikateremsha mnyororo, nikapanda trei ya miche 72 ya letusi. Siku ya tano miche imerefuka, myembamba kama uzi wa kushonea kofia. Siku ya saba imelala yote upande mmoja. Nikalaumu udongo, nikabadilisha. Nikalaumu maji, maana visima vyetu vingine vina chumvi, nikaanza kuchota ya mvua. Nikapanda trei ya pili, ikalala vile vile. Mbegu zile zilikuwa ghali, na wiki tatu zilikuwa zimekwenda.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa stima aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Alikuwa na kipimo kile cha kuchomeka ukutani, taa unaichomeka juu yake, kinakusomea wati inazokula. Akachomeka. Ikasoma 104. Nikamwambia kipimo kimeharibika. Akatoa taa, akachomeka pasi: 1,020. Kipimo kizima.

Sikilizeni hesabu ya watengenezaji wa taa, kwa sababu hawadanganyi ovyo, wana hesabu. Wanatazama punje za taa, vile vijitaa vidogo vya ndani, ziko ngapi. Ziko 100. Kila punje kiwandani imeandikiwa kuhimili wati 10. Wanazidisha, wanapata 1,000, wanachapa boksi. Lakini punje zile zikipewa wati 10 hasa ndani ya bati lile jembamba zitaungua, kwa hivyo wanazipa wati moja moja. Na chini ya boksi, kwa herufi za kusomwa na chungu, pameandikwa "sawa na". Sawa na nini? Nilimrudia muuzaji nikamuuliza swali hilo hilo. Akaniambia wateja wote hununua hiyo.

Kuna ndugu yangu hapa mbele ananikunjia uso, najua anataka kusema: basi mwalimu, kama inakula wati mia tu, si nafuu kwa tokeni? La. Ulilipia mwanga wa elfu ukapewa wa mia, na miche haili nafuu.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani ni moja: inakula wati ngapi ukutani? La pili: kwa kila wati, inatoa maikromoli ngapi? Taa nzuri ya LED leo hutoa 2.5 na kupita. Ile yangu ya Mombasa, hata ukiisamehe, haifikii hapo. Muuzaji akikujibu kwa lumeni, mrudishe. Lumeni na lux ni vipimo vya jicho la binadamu, na jicho letu hupenda kijani, pale kwenye nanomita 555, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Mmea hutumia fotoni, yaani chembe za mwanga, zote kuanzia nanomita 400 hadi 700.

Tupige hesabu ya hema la wengi wenu, sentimita 60 kwa 60. Hilo ni mita mraba 0.36. Letusi yataka 250, basi 250 mara 0.36 ni 90. Gawanya kwa 2.5 unapata wati 36. Ongeza za kupotea kwenye kuta za hema na pembeni, sema wati 50. Hamsini za kweli! Ukiwasha saa 16 kwa siku ni uniti 0.8, kwa mwezi uniti 24. Zidisha kwa bei unayonunulia tokeni uone kama letusi yako inalipa. Mtu akikuambia hema hilo lataka taa ya elfu mbili, ama hajui ama ana mzigo wa kuuza.

Asiye na kipimo cha maikromoli atumie simu, ile programu ya lux, kwa kukadiria. Chini ya taa nyeupe ya LED gawanya lux kwa 70. Ukisoma 17,500 pale majani yalipo, una 250. Majani yalipo, mama zangu, si chini ya taa mkononi. Kwa taa ya zambarau, ile ya punje za buluu na nyekundu, hesabu hii haifai.

Na hiyo zambarau yenyewe, mimi siitaki tena. Ni kweli klorofili, rangi ya kijani ya jani, hunywa zaidi buluu na nyekundu, ndiyo hoja waliyoanzia. Lakini kijani huzama ndani zaidi ya jani na hufanya kazi huko. LED nyeupe ni punje ya buluu iliyopakwa fosfori, unga unaogeuza rangi ya mwanga, na punje hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Chini ya nyeupe unauona ugonjwa wa jani mapema. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi, lenye ukungu na lisilo nao.

Sasa UV, mwali usioonekana kwa jicho. Hapa naomba masikio yenu yote.

Kijana mmoja wa mtaa wetu aliambiwa UV huongeza harufu ya rehani. Akanunua taa ile ya kuulia vijidudu, zile zilizojaa madukani tangu korona. Akaifunga hemani, akashinda nayo alasiri akipogoa. Usiku wa manane mamake anabisha kwangu: mwanangu haoni. Macho mekundu, yanabubujika machozi, anasema ana mchanga ndani. Ule ni mwali wa UV-C, chini ya nanomita 280, unaochoma ngozi ya juu ya jicho, na uchungu wake huja saa kadhaa baadaye, kwa hivyo ukiwa kazini hujui kama unaumia. Alhamdulillahi alipona kwa siku mbili. Rehani ilikauka majani.

UV-C haina kazi kwenye hema. UV-B, 280 hadi 315, ni kweli kwa kiasi kidogo huweza kuongeza wekundu wa letusi nyekundu na mafuta ya rehani, ila ikizidi hudumaza, na wewe huwezi kuingia hemani ikiwa imewaka. UV-A ndiyo pole. Nyingi zinazouzwa kama UV ni 395, zambarau iliyo ukingoni tu mwa mwanga tunaouona. Hakuna mmea unaokua kwa UV. Kama miche yako inalala, hiyo haitaiinua. Pesa hizo ongezea kwenye taa nyeupe.

Muda unanikimbia. Joto: kila wati inayoingia hemani huishia kuwa joto, iwe LED iwe balbu ya enzi za bibi yako, kwa hivyo draiva ya taa, kile kisanduku cha kuilisha umeme, ifungwe nje ya hema na feni itoe hewa juu. Washeni usiku. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne asubuhi ni saa 16, na mmekwepa jua kali. Chumvi: upepo wa bahari hula viungio vya waya, tafuteni taa iliyozibwa, ile ya IP65. Habari ya mbolea ya maji tutaiacha siku nyingine.

Kipimo kitabaki hapa mezani hadi magharibi. Mlioacha taa zenu nyumbani nendeni mkazilete, tuzichomeke moja moja. Maboksi yabaki huko huko.