Ua la Parachichi Hufunguka Mara Mbili

ZUHURA: Karibuni tena. Leo Lwitiko ameingia studio na tawi la parachichi, amelikata asubuhi hii, na mimi nimekatazwa kuligusa.

LWITIKO: Maua yake yanapukutika haraka, dada. Sogeza taa hapo. Unaona nini?

ZUHURA: Vijiua vya kijani-njano, kimoja kama upana wa ukucha. Katikati kijiti cheupe kimesimama peke yake. Vijiti vingine vimelala chali pembeni.

LWITIKO: Kilichosimama ndicho kinachopokea chavua, stigma yake iko pale juu. Vilivyolala ni stameni, yaani sehemu za kiume, tisa kwa jumla, ila vifuko vyake vya chavua bado vimefungwa. Kwa hiyo ua hili sasa hivi ni la kike. Ikikaribia saa sita mchana linajifunga. Kesho mchana linafunguka upya: stameni zimeinuka, vifuko vimefunua vifuniko vyake, chavua ya njano iko nje, na stigma imeshaanza kunyauka. Likifunga jioni, halifunguki tena.

ZUHURA: Leo mke, kesho mume! Haya, lakini mti una maua mengi. Hili la leo si litapokea chavua ya lile lililofunguka jana?

LWITIKO: Mti umeliwahi hilo. Maua yote yanafuata ratiba moja. Chukua parachichi la Hass: asubuhi yanafunguka yale ya kike tu. Mchana yanafunga, ndipo yale ya jana yanafunguka yakiwa ya kiume. Yanapishana mlangoni. Aina hiyo inaitwa A. Fuerte, parachichi jingine, ni aina B, na yenyewe imegeuza: ya kike yanafunguka mchana, yanalala yamefunga, asubuhi ya pili yanaamka ya kiume.

ZUHURA: Kwa hiyo asubuhi Hass anahitaji chavua, na Fuerte anayo.

LWITIKO: Na mchana kinyume chake. Nyuki akizunguka kutwa, wote wamehudumiwa. A. B. Stout, wa bustani ya mimea ya New York, alieleza mpango huu miaka ya 1920, baada ya wakulima wa California kulalamika kwamba miti inachanua hadi inapauka halafu matunda hayaonekani.

ZUHURA: Kwetu mti wa hivyo watu wanausema ni dume, unangoja shoka.

LWITIKO: Udume gani wakati kila ua lina pande zote mbili? Halafu mti mkubwa unaweza kutoa maua yanayofika milioni na ukakomaza matunda mia chache tu. Maua kuanguka ni kawaida yake.

ZUHURA: Ila mbona usumbufu wote huu? Kujichavusha si ndiyo rahisi?

LWITIKO: Rahisi kwa leo. Mbegu ya mti uliojizalisha mara nyingi hutoa mche dhaifu, kasoro zilizojificha zinakutana. Huko Israel, watafiti walipima vinasaba vya matunda wakaona yale machanga yaliyotokana na chavua ya mti wenyewe yanaanguka kwa wingi kuliko yaliyochanganya damu.

ZUHURA: Sasa mtu mwenye ekari mbili za Hass atasema, mimi nina miti mia, itachavushana yenyewe kwa yenyewe.

LWITIKO: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Miche ya Hass ni ya kubebesha, si ya mbegu. Kila kikonyo, kile kijitawi kinachobebeshwa, kinatokana na mti mmoja wa California, wa tarishi aliyeitwa Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Kwa hiyo juu ya pale palipobebeshwa, miti yako mia ni mti mmoja uliogawanywa. Yote ya kike asubuhi, yote ya kiume mchana.

ZUHURA: Lakini Njombe kuna mashamba ya Hass matupu na yanazaa. Usitutishe.

LWITIKO: Yanazaa, kwa sababu ratiba haina kufuli. Asubuhi ikiwa ya baridi, maua ya kike yanachelewa hadi mchana, yanakutana na ya kiume ya mti huohuo. Wala chavua yake mwenyewe haikatai. Ukungu wa nyanda za juu unawasaidia kidogo, lakini mimi nisingeweka mtaji wangu wote kwenye ukungu. Na baridi ikizidi, maua ya Fuerte ndiyo yanavurugika zaidi.

ZUHURA: Mimi wa Tanga nimekumbuka mnazi. Karara likipasuka, maua ya kiume yanaanza kumwaga chavua, wiki mbili tatu hivi, ndipo yale ya kike chini yake yanakuwa tayari.

LWITIKO: Mnazi mrefu, eeh. Unachelewesha makusudi ili upate chavua ya jirani. Minazi mifupi, kama kitamli, nyakati zake zinaingiliana, kwa hiyo inajizalisha sana. Ndiyo maana ukipanda nazi ya mnazi mfupi unapata watoto wanaofanana na mama.

ZUHURA: Kumbe! Na minazi mirefu kila mmoja na sura yake. Turudi kwenye parachichi. Mkulima afanye nini, ang'oe Hass apande Fuerte?

LWITIKO: Hapana. Mti mmoja wa B kwa kila nane au tisa wa A unatosha, mradi nyuki wapo na hakuna anayepuliza dawa maua yakiwa wazi. Kinachonikera mimi ni watu wanaokata maparachichi yote ya kienyeji wakipanda Hass. Ile miti imeota kwa mbegu, kila mmoja una damu yake, na mingine ni B. Unakata mchavushaji wa bure, halafu unakwenda kununua mche wa Fuerte!

ZUHURA: Nitajuaje upi ni B?

LWITIKO: Subiri siku yenye jua wakati wa maua. Nenda saa tatu asubuhi, chungulia maua kumi kumi pande tofauti za mti. Ukikuta kijiti cheupe peke yake, stameni zimelala, ni A.

ZUHURA: Na nikikuta stameni zimesimama, chavua inashika kidole?

LWITIKO: Huo ni B. Mwambie mwenye panga aende kwingine.