Kupanga shimu na plei ya difu ya nyuma

Salaam aleikum mafundi, karibuni gereji yetu hapa Malindi. Pikapu hii hubeba chumvi kutoka Gongoni, na difu, yaani seti ya gia kwenye ekseli ya nyuma, ilikuwa ikilia kila dereva akikanyaga mafuta. Beringi mpya zimeshaingia, sasa tunapanga shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kusogeza gia mahali pake.

Kwanza fungeni mlango wa upande wa baharini. Kusi ikivuma huingiza mchanga, na chembe moja chini ya shimu yatosha kuharibu vipimo vyote. Vifuniko vya beringi nilivitia alama kabla ya kuvifungua: cha kushoto hakiendi kulia.

Tunaanza na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha krauni, gia kubwa. Wengi hukimbilia plei, ule uwazi kati ya meno ya gia hizo mbili, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye geji, nami nawasihi msifanye hivyo. Shimu ya kichwa cha pinioni ndiyo inayoamua meno yakutane wapi. Pima ya zamani kwa maikromita, urudishe unene uleule. Spesa ya kubonyea, kile kibomba kinachojibana pinioni ikikazwa, tumia kuukuu wakati wa majaribio; mpya iingie mwisho kabisa.

Haya, krauni. Weka shimu pande zote mbili, kaza vifuniko. Ncha ya geji ya mshale iguse jino la krauni karibu na ukingo wa nje. Shika pinioni isizunguke, kisha tikisa krauni huku na huku. Mnaona? Plei ni milimita 0.25. Toyota nyingi zataka milimita 0.13 hadi 0.18, lakini fuata kitabu cha gari lako. Pima sehemu tatu au nne za krauni. Zikitofautiana sana, krauni haikukaa sawa, ifungue uisafishe.

Plei yetu ni kubwa, basi krauni isogee kwenye pinioni. Natoa 0.15 upande wa meno, naongeza 0.15 upande wa mgongo wa krauni. Jumla isibadilike, ama mkazo wa beringi utapotea. Sasa geji yasoma 0.15. Hapo sawa.

Bado rangi ya kuonyesha meno yanapogusana. Paka meno matano au sita, zungusha pinioni huku mwenzako akiizuia krauni kwa kitambaa. Alama tunaitaka katikati ya jino. Ikipanda kileleni, pinioni iko mbali: weka shimu nene zaidi pale kichwani. Ikizama kwenye shina, weka nyembamba. Kila ukiigusa shimu hiyo, plei hupimwa upya, hata kama jua linazama.

Alama ikitulia, tia spesa mpya, kaza, jaza oili ya gia ya daraja la GL-5. Kama krauni na pinioni ni mpya, siku za kwanza gari lisipakie chumvi.