Boti ya mtumba haina kibati: sasa inabeba watu wangapi?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Watu wa Lindi na Mtwara, leo mpo nami hapa Michigan, uani kwa jirani, na hii ni boti ya alumini ya futi 14, ya miaka ya themanini. Mjomba wangu anaitaka kwa kuvulia na kuvusha watu kwenda Kitunda, ng'ambo ya Lindi. Benchi zipo, bei inaongeleka. Kasoro ni hapa, ngoja nisogeze kamera: matundu manne ya ribiti, kibati hakuna, yaani kile kibao cha kiwandani kinachosema boti inabeba kiasi gani.

Huku Marekani, boti ndogo ya mashine chini ya futi 20, iliyotengenezwa kuanzia Novemba 1972, lazima itoke kiwandani na kibati. Mitumbwi, boti za tanga na zile za kujaza upepo hazimo. Kibati kinataja idadi ya watu na uzito wao, kisha uzito wote kwa jumla, yaani watu, mashine na mizigo. Kama mashine ni ya kufunga nyuma, kinataja na nguvu yake ya mwisho.

Wengi mmeniuliza, si uende serikalini wakupe kingine? Walinzi wa Pwani wa huku ndio wenye kanuni, lakini vibati hawatoi. Unamrudia aliyeitengeneza. Nenda nyuma ya boti, upande wa kulia ukiwa umetazama mbele, utakuta namba ya bodi yenye tarakimu na herufi 12. Herufi tatu za mwanzo ndizo za kiwanda. Unawaandikia, unawatajia namba yote, wakiwa na kumbukumbu wanakutengenezea. Kiwanda kikiwa kimekufa, wapo mafundi wa vibati watakaokuchongea. Ila huyo anachonga unachomwambia! Ukimwambia watu 12, ataandika 12, na maandishi yatang'aa.

Kwa hiyo pima mwenyewe kwanza. Chukua futi, urefu mara upana, gawa kwa 15. Kwa futi tu, ukitumia mita hesabu itakwambia hata wewe usipande. Hii ni 14 mara 5, inakuja 70, gawa kwa 15 unapata nne na nukta. Hiyo nukta siyo mtoto wa kubebwa, mjomba. Ni wanne.

Na hao wanne ni siku bahari imetulia. Kusi likivuma, punguza. Tena ni watu wasio na mizigo ya maana, na mimi nawajua abiria wetu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Pikipiki inapita kilo mia, na kuna mtu atataka ipande. Barafu, nyavu zilizolowa, gunia la korosho, vyote hivyo vinakula nafasi ya mtu.

Mashine nayo ina hesabu yake, ndefu, sitaimaliza leo. Ila boti ileile, ukiishika kwa mkono wa mashine, inaruhusiwa nguvu ndogo kuliko ikiwa na usukani na ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 20. Kwa hiyo mtu asikwambie "yangu nimefunga mashine ya farasi 40 na haijanifanya kitu".

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni humu chini ya benchi. Kuna povu la kuielesha boti ikijaa maji. Miaka inavyokwenda, povu linaweza kunywa maji likabaki nayo, na boti ikawa nzito hata kabla hujapanda. Kibati cha kiwandani kinaisemea boti ilivyokuwa mpya. Nitafungua benchi, povu likiwa limelowa tunalitoa na kuweka jipya, au boti tunaiacha.

Ikifika huko, kibati cha Marekani hakimpi mjomba ruhusa ya kubeba abiria. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mkaguzi wao akitaja idadi, ndiyo hiyo, hata ikiwa chini ya yangu.

Sheria ya huku inataka kibati kionekane na mwendeshaji anapoondoka. Mimi ningeongeza kingine kinachowatazama abiria, kwa Kiswahili, maandishi makubwa. Mv. Nyerere ilipozama Ukara, Septemba 2018, uwezo wake wa abiria 101 ulikuwa unajulikana, na waliokufa tu walizidi 220. Nahodha anaijua namba. Anayepanda wa mwisho ndiye haijui, na yeye ndiye mwenye haja ya kusema "mimi nasubiri inayofuata".

Mnaovuka Msanga Mkuu na Kitunda, kesho mkipanda angalieni: idadi imeandikwa wapi, na unaiona ukiwa umekaa? Niandikieni hapo chini. Picha za nyuso za watu msitume, nataka maandishi tu.