Kabla ya Kuzika Mpira, Tujue Kilichouua
Mazungumzo na mafundi wa milango na wenye nyumba, Nakuru

Hamjambo mafundi wenzangu, wazee wangu, kina mama. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo.

Najua mnangoja nianze na ile ya kuziba ufa na kujenga ukuta. Leo mtanisamehe. Milango ya gereji zetu, nasema gereji ya kulaza gari nyumbani, si ile ya mekanika, haina shida ya kutozibwa. Inazibwa kila mwaka. Mpira mpya, ule utepe wa kuziba nafasi chini na pembeni mwa mlango, unapigwa juu ya mpira mzee, na vumbi linaendelea kuingia kama lilivyokuwa likiingia. Tunazika haraka mno bila kuuliza marehemu aliugua nini. Ndiyo maana nimekuja na gunia hili. Ndani mna vipande nilivyong'oa kwenye milango ya watu, hapa mjini na Kisumu.

Hiki cha kwanza kipitisheni mkono kwa mkono. Kikunjeni. Mnasikia kinavyolia? Kimekakamaa, na kina nyufa nyembamba zinazokikata kwa upana. Huyu ameuawa na jua, na ozoni, gesi iliyo hewani, imemsaidia kumaliza. Ozoni hushambulia mpira pale uliponyooshwa au kukunjwa, na ufa wake hukata kinyume na upande wa mvuto. Kwa hiyo ukiuvuta mpira kwa nguvu wakati wa kuufunga ili utoshe, umeshaanza kuupasua siku hiyo hiyo.

Sasa fikirini tunakaa wapi. Nakuru iko karibu kuugusa mstari wa ikweta, na tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na jua ni kali hata siku ya baridi. Saa sita mchana jua liko utosini, haliufikii sana mpira wa chini ya mlango. Linaufikia asubuhi na jioni, likiwa limeinama. Basi mlango unaotazama mashariki au magharibi hula mpira haraka kuliko unaotazama kusini au kaskazini. Mteja akinipigia simu, swali langu la kwanza ni mlango unatazama wapi. Wengine hudhani naulizia kibla.

Kwa mlango wa jua, tafuta mpira ulioandikwa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani. Mpira wa asili una viungo dhaifu katika mnyororo wake, na ozoni hukata hapo hapo. EPDM haina viungo hivyo kwenye uti wake wa mgongo, kwa hiyo hustahimili miaka. Plastiki ya PVC ni nafuu na inafaa pembeni penye kivuli, lakini juani nayo hukakamaa.

Cha pili hiki. Kiguseni, kisha mfute vidole. Kimevimba, kimelegea kama mkate uliochovywa chai. Huyu nilimuua mimi. Miaka hiyo nilikuwa nikitelezesha mpira kwenye reli ya aluminiamu inayoushika mlangoni, kwa oili ya injini iliyotumika, kwa sababu ilikuwa hapo na ni ya bure. EPDM haipatani kabisa na oili, dizeli wala grisi. Mwenye nyumba aliniita tena, mpira umefura hadi umechomoka kwenye reli, na nikamwambia ni mpira wa bandia. Nilisema uongo. Telezesha kwa maji ya sabuni, au silikoni ya kupuliza. Na kama gari la mwenye nyumba linadondosha oili pale mlango unapotua, mwambie arekebishe gari kwanza.

Hiki cha tatu ndicho kilichonileta. Tazameni: upande huu umelika hadi ukawa karatasi, upande ule ni mpya, hata vumbi haujashika. Mpira mmoja, mlango mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Fundi akiona hivi huuza mpira mnene zaidi. Upande uliolika utalika tena, na upande wa pili bado mwanga utapita, kwa kuwa aliyekufa hapa ni sakafu, wala si mpira. Au ni mlango uliokaa upande.

Utajuaje? Funga mlango, ingia ndani mchana, zima taa, ukae kidogo macho yazoee. Mwanga utakuonyesha njia. Halafu chukua rula, pima nafasi iliyo chini ya mlango kila nusu mita, uandike kwa chaki hapo hapo kwenye mlango. Kisha weka pimamaji juu ya ukingo wa chini wa mlango, na tena juu ya sakafu. Mlango ukiwa umeinama na sakafu iko sawa, shughulikia bawaba au kebo. Sakafu ikiwa ndiyo imezama, na hapa juu ya udongo wetu wa majivu ya volkano, au kule nyanda za Kano, karibu na Kisumu, kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kuzama si ajabu, basi tazama tofauti uliyoandika. Chini ya sentimita moja hivi, mpira wenye tumbo wazi, ule unaobonyea, utaifuata sakafu. Zaidi ya hapo, usimdanganye mtu. Chonga sakafu upige plasta upya, au ubandike kizingiti cha mpira sakafuni. Mlango wa chuma wa mabawa mawili ni rahisi zaidi: mchomeleaji anakata bamba kufuata mteremko, analiunga chini, kazi imeisha.

Kizingiti hicho kina tabia zake. Gundi haishiki saruji yenye vumbi wala oili, na mji huu husemwa jina lake kwa Kimaasai lina maana ya mahali pa vumbi, kwa hiyo mnajua kazi iliyopo. Sugua kwa brashi ya waya, osha, acha pakauke kabisa. Na kumbuka kinachozuia maji kuingia huzuia pia maji kutoka. Gari likirudi limelowa, maji yatabaki ndani.

Mzee mmoja Kisumu alinionyesha milango miwili aliyobadilisha mpira mara tatu. Uwanja wake wa nje uliteremka kuelekea mlangoni! Hakuna mpira duniani unaozuia dimbwi. Tulichimba mfereji wenye wavu mbele ya mlango, mpira wa zamani ukabaki pale pale.

Kipande cha nne mnakijua, meno hayo ni ya panya. Wengi wetu huweka mahindi gerejini baada ya mavuno, na panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 tu. Mpira hamzuii, anautafuna. Weka wavu wa chuma au bamba kwenye kona zote mbili, kisha mpira.

Kuhusu kufunga sitachukua muda, tutafanya kwa mikono. Kata mpira wa chini uzidi upana wa mlango kwa sentimita 5, uingize bila kuuvuta, uache utulie hata siku mbili, ndipo ukate, kisha bana ncha za reli kwa koleo usitembee. Wa pembeni na juu uguse mlango tu, ulimi wake ukunjike kidogo. Ukiubana sana, mlango wa mota utadhani umekutana na mtu, urudi juu. Na zile springi nene zilizo juu ya mlango msiziguse kama hamkufunzwa. Zimebeba uzito wa mlango wote na zikifyatuka huvunja mkono. Wa shata za kukunja, pembeni tumieni brashi. Wa tyubu za magari, sitawacheka: kwenye ubavu wa mlango wa mabawa tyubu inafanya kazi. Chini hukunjika ikachanika.

Jambo moja kabla hatujasimama. Mwezi wa saba askari wa usiku huingiza jiko la makaa gerejini. Mlango mbovu ulikuwa ukimwokoa bila yeye kujua, kwa zile nafasi zake. Ukishauziba, ile gesi ya makaa isiyo na harufu inabaki naye ndani, na ya injini inayonguruma vilevile. Kwa hiyo siku ya kuziba mlango ndiyo siku ya kutoboa matundu ya hewa karibu na dari, yenye wavu, na kumwambia askari waziwazi kwamba jiko sasa linakaa nje. Na ule mlango mdogo unaotoka gerejini kuingia nyumbani, huo nao uzibeni vizuri. Watoto wanalala upande wa pili.

Haya. Mlango wa majaribio uko pale ukutani. Nataka wawili wa kunishikia reli, mmoja awe mrefu, na mama uliyeuliza kuhusu shata njoo mbele na tochi.